Kesi 150 kwa Mwaka: Namba Inayopima Zaidi ya Mkono wa Mpasuaji

Nchi moja baada ya nyingine inaweka kizingiti: hospitali isiyofikisha idadi fulani ya upasuaji wa saratani ya matiti kwa mwaka inapoteza kibali cha kuifanya kazi hiyo. Ufaransa ilianza na 30, kisha kanuni zake za 2022 zikapandisha hadi 70. EUSOMA, jumuiya ya wataalamu wa saratani ya matiti barani Ulaya, inataka kitengo kipokee wagonjwa wapya wasiopungua 150 kwa mwaka, na kila mpasuaji afanye angalau 50. Kila zinapotajwa namba hizi, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema basi mgonjwa amtafute daktari aliyepasua wengi kuliko wote. La pili husema huu ni ukiritimba mtupu, kwa kuwa titi liko nje ya mwili, upasuaji wake ni mwepesi, hakuna anayefia mezani, na daktari yeyote wa upasuaji anaumudu. Kwa mtazamo wangu makundi yote mawili yanakodolea macho mahali pamoja, yaani kisu. Katika saratani ya matiti wingi wa wagonjwa huokoa maisha hasa kwa mambo yanayotokea kabla kisu hakijagusa ngozi na baada ya jeraha kufungwa. Kizingiti kinachohesabu upasuaji bila kuyaangalia mambo hayo kitafunga hospitali kadhaa na kuwaacha wanawake pale pale walipo.

Wazo la kuhesabu lilipata nguvu mwaka 1979. Harold Luft na wenzake wa Marekani walichunguza hospitali 1,498 na aina 12 za upasuaji, wakakuta kwamba katika upasuaji wa moyo, wa mishipa ya damu na mwingine wa aina chache, hospitali zilizofikisha 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 hadi 41. Mwaka 2002 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani ulionyesha pengo la kutisha zaidi kwenye kongosho: vifo asilimia 16.3 katika hospitali zenye kesi chache kabisa, asilimia 3.8 katika zile zenye nyingi kabisa. Hapo hoja inajieleza yenyewe. Mshono wa kongosho ukivuja, mgonjwa anaweza kufa ndani ya wiki chache, na kila mtu anajua kosa lilitokea wapi. Titi halina mchezo huo. Vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji wa matiti havifiki mmoja kwa mia, hospitali iwe kubwa au ndogo. Mwanamke anarudi nyumbani, jeraha linapona, kila mtu anashukuru. Kosa kama lilikuwapo hujitokeza mwaka wa tatu au wa nane, kwenye mfupa au kwenye ini, na wakati huo hakuna anayekumbuka kuuliza nani alifanya nini mwanzoni.

Ndiyo maana tafiti za matiti zinalazimika kufuatilia wagonjwa miaka mitano au kumi. Katika jimbo la New York, wanawake waliopasuliwa miaka ya 1980 katika hospitali zenye upasuaji usiozidi 10 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka mitano iliyozidi kwa asilimia 60 ile ya waliotibiwa katika hospitali zenye zaidi ya 150. Hospitali za kesi 11 hadi 50 zilizidi kwa asilimia 30, na za 51 hadi 150 kwa asilimia 19. Magharibi mwa Uskoti, kwa wagonjwa wa 1980 hadi 1988, waliotibiwa na wapasuaji waliobobea kwenye matiti waliishi kufikia mwaka wa tano kwa asilimia 9 zaidi. Uchambuzi wa Marekani wa 2018, uliojumuisha wanawake zaidi ya milioni moja, ulipata hatari pungufu kwa asilimia 11 katika hospitali zenye kesi nyingi. Namba za New York zina somo ambalo hupitwa haraka: faida kubwa kabisa hupatikana pale mgonjwa anapotoka kwenye hospitali inayoona kesi chini ya moja kwa mwezi. Huko juu tofauti hupungua. Anayehangaika kuchagua kati ya mpasuaji wa kesi 120 na wa kesi 300 anahangaikia kidogo.

Sasa tutazame kinachotokea hasa, maana asilimia peke yake haimfundishi mtu kitu.

Mwanamke anafika na uvimbe wa sentimita tatu. Katika kitengo kilichozoea, hapasuliwi siku hiyo wala wiki hiyo. Anapigwa picha ya titi, anafanyiwa ultrasaundi ya titi na ya kwapa, halafu kwa sindano nene na ganzi ndogo anachukuliwa vinyama kadhaa vyembamba. Vinyama hivyo vinaeleza kama ni saratani, ya aina gani, kama ina vipokezi vya homoni (protini zinazoifanya ichochewe na homoni) na kama ina HER2, kipokezi kingine kinachoichochea kukua, kwa wingi. Kukiwa na HER2, au kukiwa hakuna kipokezi hata kimoja kati ya hivyo, kwa uvimbe wa ukubwa huo dawa mara nyingi hutangulia upasuaji. Kabla ya dozi ya kwanza, klipu ndogo ya chuma huachwa ndani ya uvimbe, kwa sababu dawa ikifanya kazi vizuri uvimbe hutoweka, na bila klipu mpasuaji hatajua akate wapi. Katika hospitali inayoona kesi sita kwa mwaka, kauli ya kawaida ni "tuutoe kwanza, tuupeleke maabara". Upasuaji unaweza kuwa safi kabisa na bado mwanamke akawa amepoteza nafasi isiyorudi. Dawa zinapotangulia, madaktari huona kama saratani imeisha au imebaki, na jibu hilo ndilo huamua tiba ya baadaye. Jaribio la KATHERINE, lililotoa matokeo mwishoni mwa 2018, lilionyesha kwamba kwa wenye HER2 waliobakiwa na saratani baada ya dawa za awali, kubadilishiwa dawa kwenda trastuzumabu emtansini kulipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kifo. Aliyeanza na kisu hawezi kujulikana kama angekuwa kwenye kundi hilo. Na mpasuaji aliyemkata kwa ustadi wote ndiye aliyemfungia mlango, bila kujua kwamba mlango ulikuwapo.

Mezani kwenyewe mazoea yana kazi yake, sikatai. Mpasuaji mzoefu anachora mkato akifikiria kwamba huenda kesho titi lote likahitaji kutolewa, hivyo kovu la leo lisiharibu mpango huo. Anafunga nyuzi mbili kwenye nyama aliyoitoa, fupi upande wa juu na ndefu upande wa nje, ili maabara wajue upande upi ni upi. Kama saratani haipapasiki, au ilionekana kwa chembe za kalsiamu tu, nyama hiyo hupigwa eksirei mgonjwa akiwa bado na usingizi wa dawa, ili ithibitike kwamba kilichokusudiwa kimetoka. Anaacha klipu kwenye shimo ili mtaalamu wa mionzi ajue pa kulenga. Nyuzi zikisahaulika, kisha maabara ikasema saratani imefika ukingoni, hakuna anayejua ni ukingo upi. Upasuaji wa pili unakuwa wa kubahatisha, au titi lote linatolewa pasipo sababu.

Hata hivyo, kwenye suala hilo hilo la kingo ndipo imani ya "wengi ndio bora" inapokwama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wenye wanawake zaidi ya 2,200 waliotolewa uvimbe bila kuondolewa titi, ulikuta karibu asilimia 23 walirudishwa kukatwa tena. Tofauti kati ya mpasuaji na mpasuaji ilikuwa kubwa ajabu: kuna aliyerudisha sifuri, kuna aliyerudisha asilimia 70. Idadi ya kesi za mpasuaji haikueleza tofauti hiyo. Walioona wengi hawakuwa lazima wenye kurudisha wachache. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano juu ya ukingo safi ni upi, na makubaliano hayo yalipokuja mwaka 2014 (saratani inayosambaa isiguse wino uliopakwa juu ya nyama, hiyo inatosha) wapasuaji wazoefu na wasio wazoefu wakapata kipimo kimoja. Mtu anaweza kurudia kosa lile lile mara 200 kwa mwaka kama hakuna anayemwonyesha hesabu yake.

Kwapani mambo ni tofauti; huko marudio yanalipa. Kutafuta tezi mlinzi, yaani tezi ya limfu ya kwanza kupokea majimaji kutoka titini, kunahitaji teknishiamu yenye mionzi, rangi ya buluu, au vyote viwili, pamoja na mkono unaojua kufuata mrija wa buluu bila kuupasua. Jaribio la ALMANAC la Uingereza liliwadai wapasuaji kesi 40 zilizokaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuingiza wagonjwa. Hata kwa waliofunzwa, jaribio la NSABP B-32 lilionyesha kwamba karibu asilimia 10 ya wanawake wenye saratani kwapani walisomwa kuwa hawana. Kwa asiyefunzwa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuichukua tezi isiyo yenyewe na kumhakikishia mgonjwa usalama usiokuwapo. Ya pili, na naona ndiyo ya kawaida zaidi pale vifaa visipokuwapo, ni kuamua kufagia kwapa lote "kwa usalama". Kufagia huko huleta uvimbe wa kudumu wa mkono kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watano. Kwa tezi mlinzi ni kama mmoja kati ya kumi na minane. Mkono uliovimba hivyo hauponi kabisa. Kufua, kubeba mtoto, kupika, yote yanakuwa kazi ya maumivu, na pengine kwapa lile halikuwa na saratani.

Lakini hatua ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na inayozungumzwa kidogo kuliko zote, ni ndoo ya formalini, dawa ya maji inayoizuia nyama iliyotolewa isiharibike kabla ya kupimwa. Nyama ikitoka mwilini huanza kuoza mara moja. Kipimo cha vipokezi kinategemea iingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72, na formalini yenyewe iwe nyingi, kwa kawaida mara kumi ya ukubwa wa nyama. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa bila kukatwa vipande, juu linahifadhika vizuri huku katikati, penye uvimbe, likiendelea kuharibika usiku kucha. Likitolewa Ijumaa jioni na maabara ikafunguliwa Jumatatu, mambo huwa mabaya zaidi. Vipokezi vya homoni vilivyokuwapo havionekani tena, na karatasi inaandika "hasi". Karatasi hiyo inamnyima mwanamke tamoksifeni, dawa ambayo kwa wenye vipokezi, ikitumiwa miaka mitano, hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja. Hakuna mshono wowote mzuri unaoweza kufidia hasara hiyo. Hospitali yenye wagonjwa 150 kwa mwaka hupokea watatu kila wiki. Lazima iwe na mtu wa kuikata nyama ile siku hiyo hiyo, kwa kuwa bila yeye kazi ingesimama. Hospitali yenye wagonjwa wanane haina sababu ya kumwajiri. Hapo ndipo namba 150 inapopata maana yake.

Tukio la Glasgow, jiji la Uskoti, linatia nguvu hoja hii. Mwaka 1995 eneo hilo liliweka utaratibu wa majopo: mpasuaji, mtaalamu wa patholojia, wa picha na wa dawa za saratani kukaa pamoja kila mara, kufuata mwongozo mmoja na kukaguliwa. Kabla ya hapo vifo vya saratani ya matiti katika eneo hilo vilikuwa juu kwa asilimia 11 kuliko maeneo jirani. Baada ya hapo vikawa chini kwa asilimia 18. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha wanawake zaidi ya 13,000. Huko Yorkshire, Uingereza, nako, sehemu ya ubora wa wapasuaji wenye kesi zaidi ya 30 kwa mwaka ilielezwa na jambo moja: wagonjwa wao walipewa tibakemikali na dawa za homoni mara nyingi zaidi.

Wapinzani wa vizingiti wana hoja mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza ni kwamba hospitali kubwa hupata wagonjwa wenye nafuu tangu mwanzo: wenye kipato, wenye bima, waliogundulika mapema. Ni kweli, na takwimu haziwezi kusafisha jambo hilo lote. Ndiyo maana sitegemei asilimia 60 ya New York kama ushahidi pekee. Naitegemea zaidi Glasgow, ambako eneo lile lile lililinganishwa kabla na baada, na naitegemea minyororo ya sababu niliyoieleza, ambayo kila pete yake inaonekana kwa macho. Hoja ya pili ni umbali, na hii ni nzito zaidi. Kila wiki nne za kuchelewa upasuaji huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Ukifunga hospitali kumi ndogo bila kuongeza vyumba vya upasuaji katika ile kubwa moja, umeunda foleni, na foleni ya miezi miwili inaweza kula faida yote ya utaalamu. Mionzi nayo ilikuwa ya kila siku kwa wiki tano; mwanamke anayeishi mbali na asiye na pa kulala aliiacha katikati, au alikubali titi litolewe ili kuikwepa. Afueni imekuja kwa ratiba fupi: dozi 15 kwa wiki tatu, na tangu jaribio la FAST-Forward la 2020, kwa wengi, dozi 5 kwa wiki moja. Bado nauli na malazi ni sehemu ya tiba, na mpango wa kukusanya huduma usiovitaja umekosewa tangu kuandikwa.

Hoja dhaifu ni ile ya "upasuaji mwepesi". Inachukua ukweli mmoja, kwamba mgonjwa hafi mezani, na kuufanya uthibitisho kwamba hakuna kilichoharibika. Mwanamke aliyeandikiwa "hasi" kwa sababu ya formalini ya wikendi alipasuliwa vizuri, akatoka siku ya pili akitembea. Wepesi wa upasuaji ndio unaowapa ujasiri wa kuugusa watu ambao wasingethubutu kugusa kongosho, na ndio unaofanya madhara yake yasihesabiwe.

Kuna sababu nyingine ya kutoganda kwenye kuhesabu kisu: upasuaji wenyewe unapungua. Jaribio la SOUND la 2023, na INSEMA lililotoa matokeo mwishoni mwa 2024, yameonyesha kwamba kwa wanawake wengi wenye uvimbe mdogo na kwapa safi kwenye ultrasaundi, hata tezi mlinzi inaweza kuachwa. Katika INSEMA, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 91.9 kwa walioachwa na 91.7 kwa waliopasuliwa kwapa. Maana yake ni kwamba uamuzi umehama kutoka kwa mpasuaji kwenda kwa anayeshika kifaa cha ultrasaundi, naye pia anahitaji kuwa ameona makwapa mengi. Mfumo unaolipa au kuidhinisha kwa idadi ya upasuaji unawavuta watu kinyume na elimu hiyo. Mbaya zaidi, hospitali iliyokaribia kizingiti ina kishawishi cha kukata uvimbe usio saratani, na mgonjwa aliyerudishwa mezani kwa sababu ya kingo anahesabika mara mbili, yaani kosa linaongeza sifa. Kinachofaa kuhesabiwa ni wagonjwa wapya waliojadiliwa na jopo, na pembeni yake viwe viashiria vinavyotangazwa hadharani: wangapi walijulikana kuwa na saratani kabla ya kuingia chumba cha upasuaji (EUSOMA inataka angalau asilimia 85), wangapi walimaliza kwa upasuaji mmoja (angalau asilimia 80), wangapi wana majibu ya vipokezi, na siku ngapi zilipita kila hatua.

Kwa hospitali ndogo iliyo mbali, yenye daktari mmoja wa upasuaji na kesi 20 kwa mwaka, hili halimaanishi kufunga mlango. Inamaanisha kugawa kazi. Achukue kinyama kwa sindano, akiweke kwenye formalini mara moja, aandike saa kwenye chupa. Apige ultrasaundi ya kwapa kama ana aliyefunzwa. Apeleke kinyama na picha kwenye hospitali kubwa yenye jopo, kisha akae kwenye jopo kwa video siku kesi inapojadiliwa, maana yeye ndiye anayemjua mgonjwa. Mwanamke asafiri kwa upasuaji na mionzi, akiwa na tarehe mkononi na mahali pa kulala. Tibakemikali ikiwezekana itolewe karibu na nyumbani, vilevile ufuatiliaji na tamoksifeni ya miaka mitano, ambayo wengi huiacha kwa sababu hakuna aliyewauliza kama bado wanaimeza. Jambo moja tu daktari huyo aliache kabisa: kuutoa uvimbe anaoshuku kuwa saratani ili ajue ni nini.